Zuwena, Georgina, Stella: Jina la Mwanamke Katika Wimbo wa Kiswahili

Miongoni mwa nyimbo ambazo wasikilizaji wa Tanzania na Kenya huziita zilipendwa, yaani zile za muziki wa dansi zilizovuma tangu miaka ya 1960 na ambazo redio hazijachoka kuzirudia hadi leo, lipo kundi kubwa linalojulikana kwa jina moja tu, nalo ni jina la mwanamke: Georgina, Zuwena, Mwanameka, Paulina, Celina, Edita, Conjesta, Dada Asha. Masikio yamekwisha kuyazoea majina haya kiasi kwamba ni nadra msikilizaji kujiuliza yalifikaje hapo. Lakini mtu akiyapima kwa mizani ya desturi ya pwani, ambako ushairi wa Kiswahili ulilelewa na kukuzwa, ataona kwamba kulitamka hadharani jina la mwanamke anayependwa, tena kwa sauti ya kuvuma hadi barabarani, lilikuwa jambo zito ambalo watunzi wa zamani walilikwepa kwa makusudi, na kwamba muziki wa dansi ulipolivunja katazo hilo uliibadilisha sura ya wimbo wa mapenzi wenyewe.

Desturi hiyo ya kuficha jina haikuwa ya washairi peke yao. Katika nyumba nyingi za Waswahili, mume hamwiti mkewe kwa jina mbele ya watu. Humwita mama fulani, kwa jina la mtoto wao, na mke naye humwita mumewe baba fulani, ili heshima ya ndani isitapanywe nje. Mshairi aliyelelewa katika adabu hiyo hakuweza kusimama mbele ya kadamnasi akamtaja mpenzi wake kama mtu anavyotaja bidhaa sokoni. Alitumia fumbo, yaani kauli inayosema jambo moja huku ikikusudia jingine, na mpenzi akawa tausi, njiwa, waridi, lulu au yasmini. Taarab iliurithi utaratibu huo na kuuendeleza kwa ustadi mkubwa: mwimbaji huimba habari za ua au ndege, naye mwanamke mmoja kati ya waliokaa ukumbini huinuka kwenye kiti chake, hutembea taratibu hadi mbele huku noti ikiwa juu ya kichwa chake, humtunza mwimbaji kwa ubeti ule hasa, na wakati wa kurudi hupitisha jicho upande wa meza fulani. Hakuna jina lililotajwa, na ukumbi mzima umeelewa.

Ni kweli kwamba fasihi ya Kiswahili ina kazi za kale zenye jina la mwanamke juu yake, na maarufu kuliko zote ni Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa katikati ya karne ya 19 na Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate kwa ajili ya binti yake. Hapo, hata hivyo, jina ni la mtunzi mwenyewe. Mwanamke ndiye anayesema na mwanawe ndiye anayesikiliza, na neno Mwana lililotangulia jina ni la heshima, kama Bibi, lile lile lililobaki ndani ya majina ya pwani kama Mwanaidi na Mwanameka. Siti binti Saad wa Unguja, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay pamoja na wapigaji wake kurekodi santuri, aliimba wimbo mashuhuri kuhusu mauaji ya mwanamke aliyekuja Unguja kutoka Dar es Salaam, lakini jina lililobaki juu ya wimbo huo ni Kijiti, yaani jina la muuaji, si la aliyeuawa. Naye Shaaban Robert, aliyeandika wasifu wa Siti, alimtaja mke wake kwa jina katika shairi lake liitwalo Amina, na shairi hilo ni la maombolezo: jina la mke lilitoka hadharani baada ya mwenyewe kuondoka duniani, wakati ambapo kulitaja hakungeweza tena kumvunjia heshima.

Wimbo uliosimama katikati ya njia hizo mbili, ya kuficha na ya kutaja, ni Malaika. Fadhili William, Mtaita wa Kenya aliyefariki mwaka 2001, ndiye aliyeurekodi na kuufanya ujulikane mwanzoni mwa miaka ya 1960, na baadaye Miriam Makeba akaufikisha mbali, pamoja na Harry Belafonte katika albamu yao ya mwaka 1965, kabla ya kundi la Boney M kuuimba kwa mtindo wa disko. Mtanzania Adam Salim alidai kwamba yeye ndiye aliyeutunga, katika miaka ya 1940, na masimulizi yaliyoambatana na dai lake ni kwamba alimpenda msichana ambaye wazazi wake walimkataa kijana huyo maskini na kumwoza binti yao kwa mtu mwenye mali, ndipo akatunga wimbo wa kumliwaza na kumwita Malaika badala ya kumtaja. Masimulizi hayo, yachukuliwe yalivyo au yapunguzwe, yanaendana barabara na maneno ya wimbo, ambamo kijana analalamika kwamba angeoa lau si ufukara. Na yanaonyesha fumbo likifanya kazi yake ya kale ya kumsitiri mwanamke huku likimwimba. Hata hivyo historia imeligeuza jambo hilo. Neno lililokuwa sitara ya jina limekuwa jina kamili, na leo wapo wasichana wengi Afrika Mashariki wanaoitwa Malaika kwenye vyeti vyao vya kuzaliwa.

Upande wa magharibi, Kongo, mambo yalikwenda kwa njia ya moja kwa moja zaidi. Mwaka 1948, katika mji wa Léopoldville ambao sasa ni Kinshasa, Wendo Kolosoy na mpiga gitaa Henri Bowane walirekodi kwa lebo ya Ngoma, iliyomilikiwa na mfanyabiashara wa Kigiriki, wimbo wa Kilingala uitwao Marie-Louise. Wimbo huo ulipendwa kupita kiasi, hata ikazuka hekaya kwamba ukipigwa usiku wa manane huwafufua wafu, na hekaya hiyo ikamtia Wendo matatani na wakuu wa Kanisa Katoliki. Hekaya yenyewe inastahili kutafakariwa, kwa sababu watu waliohofia wimbo ule walikuwa wameng'amua jambo la kweli kuhusu majina: kumwita mtu kwa jina, mara nyingi, kwa sauti tamu, ni kumtaka aje. Santuri za Kongo zilisambaa hadi Nairobi na Dar es Salaam, na pamoja na milio ya magitaa yake ukaja mtindo huu wa kuuita wimbo kwa jina la mwanamke, mtindo ambao wanamuziki wa Kongo wenyewe walikuwa wakiusikia pia katika santuri za Kilatini zilizokuwa zikiuzwa Afrika tangu miaka ya 1930.

Mbegu hiyo isingeota kama udongo usingekuwa tayari, na udongo huo ulikuwa mji na redio. Muziki wa dansi ulikuwa wa watu waliotoka sehemu mbalimbali na kukutana mjini kwa ajili ya kazi, watu ambao hawakuwa na ukoo mmoja wala kitongoji kimoja, na kwa hiyo fumbo, ambalo hutegemea wasikilizaji wanaojuana, lilipoteza sehemu ya nguvu zake. Atakayeimba tausi mbele ya watu elfu mbili wasiojuana hatajulikana amemlenga nani. Redio nayo ilikuwa imewazoesha watu kusikia majina ya watu wa kawaida yakisomwa hewani: vipindi vya salamu, ambamo msikilizaji alinunua kadi, akaandika orodha ya ndugu, jamaa na marafiki anaowasalimu popote walipo na kuituma kituoni, vilikuwa miongoni mwa vipindi vilivyopendwa sana, na jina lililotajwa na mtangazaji lilikuwa fahari ya wiki nzima. Wimbo wa dansi uliingia katika mkondo huo huo. Sehemu yake ya kwanza, ile ya polepole kabla ya mchapuko ambapo magitaa huchukua uwanja na watu kuanza kucheza kwa nguvu, mara nyingi imeandikwa kama barua: jina la anayeandikiwa, habari za hali, lalamiko, ombi, na ahadi. Jina la mwanamke lililo juu ya wimbo hufanya kazi ya anwani juu ya bahasha.

Kuna sababu nyingine ya jina kukaa vizuri kichwani mwa wimbo, nayo imo ndani ya lugha. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na takriban kila neno lake huishia na irabu. Mtu akiyatamka polepole majina Georgina, Celina, Edita, Zuwena na Paulina, atasikia kwamba yote yanakubaliana na kanuni hiyo kwa ukamilifu: sauti inapanda kwenye gi, li, di, we na li, hapo ndipo mwimbaji anapoweza kuivuta noti kadiri pumzi yake inavyoruhusu, kisha inateremka na kutua kwenye a, irabu iliyo wazi kuliko zote, ambayo waitikiaji wanaweza kuipokea kwa sauti tatu bila kubana midomo. Hakuna fundi wa kutunga tuni ambaye angeomba kitu bora zaidi. Ndiyo maana majina ya kigeni yanayoishia na konsonanti hufanyiwa ukarabati kabla ya kuingia katika wimbo: Rose anakuwa Rosa, Pauline anakuwa Paulina, na Violet, katika wimbo wa Matonya, mwimbaji wa kizazi cha baadaye, anakuwa Vaileti. Msikilizaji anayedhani kwamba jina limechaguliwa kwa ajili ya mpenzi halisi asisahau kwamba huenda limechaguliwa kwa ajili ya koo la mwimbaji.

Aliyeelewa jambo hilo kuliko wengi alikuwa Marijani Rajab, aliyeitwa na mashabiki wake Jabali la Muziki. Akiwa na bendi ya Safari Trippers aliimba Georgina, na baadaye akiwa na Dar International aliimba Zuwena na Mwanameka, na katika nyimbo zote hizo namna anavyolitamka jina haifanani mara mbili mfululizo. Mara analiita kama anayegonga mlango, mara kama aliyekata tamaa, mara analiacha nusu na kuwaachia waitikiaji walimalizie. Marijani, aliyefariki mwaka 1995, alikuwa na sauti nyepesi isiyolazimisha, na uzuri wa nyimbo zake za majina upo katika kutojisifu: mwanamume anayesikika humo hana ubabe, anaomba, anashauri, anahuzunika. Ukilikumbuka lile katazo la zamani la kutomtaja mke hadharani, utaelewa kwa nini mwanamume kuyaimba majina ya namna hiyo redioni, na kuvuta masikio ya nchi nzima, kuliwagusa wasikilizaji kwa kiasi kile. Aibu yenyewe ilikuwa sehemu ya ombi.

Jina pia lilibeba habari nyingi ambazo mtunzi hakuwa na haja ya kuzieleza. Zuwena na Mwanameka ni majina ya pwani na ya Kiislamu. Celina, Edita na Conjesta yana harufu ya misheni, ubatizo na shule za bara. Na neno Dada katika Dada Asha, wimbo wa Tabora Jazz uliotungwa na Shem Ibrahim Karenga, humweka mwanamke mahali pa heshima ambapo anaweza kusemeshwa bila mwenye kumsemesha kudhaniwa vibaya. Bendi za Tanzania, ambazo nyingi zilimilikiwa na vyama na mashirika ya umma na zilirekodi nyimbo zao katika studio za Radio Tanzania baada ya mashairi kukaguliwa, zilikuwa na waimbaji na wasikilizaji wa makabila yote na dini zote, na orodha ya majina yaliyoimbwa na bendi ya Mlimani Park peke yake ingetosha kuonyesha taifa lililokuwa likijichanganya. Mara nyingine jina lilikuwa chombo cha kufikishia ujumbe wa serikali, kama katika Rosa Nenda Shule wa Safari Trippers, uliotoka katika muongo ambao Tanzania ilikuwa ikihimiza kila mtoto asome. Agizo lile lingeelekezwa kwa wasichana wote kwa jumla lingesikika kama hotuba. Lilipoelekezwa kwa Rosa likawa wimbo.

Katika benga, muziki wa magitaa uliozaliwa miongoni mwa Wajaluo wa Kenya, jina hupewa nafasi pana zaidi, kwa kuwa mwimbaji haishii kwenye jina la kwanza. Okatch Biggy wa bendi ya Heka Heka, aliyefariki mwishoni mwa miaka ya 1990, aliacha nyimbo kama Helena Wang'e Dongo, ambapo Helena anatajwa pamoja na macho yake makubwa, na Adhiambo Nyakobura, ambapo msichana aliyezaliwa jioni, kwani ndiyo maana ya Adhiambo, anatajwa pamoja na kwao. Huko hakuna sitara hata kidogo. Sifa ya mtu ni kutajwa hadi asili yake ijulikane. Wakongo nao walifika mbali kuliko wote, kwani kutupiwa jina ndani ya wimbo kukawa biashara ambayo wenye fedha huilipia, ingawa majina yanayonunuliwa kwa wingi siku hizi ni ya wanaume.

Kati ya nyimbo zote za aina hii, hakuna uliojijengea makao katika maisha ya watu kama Stella Wangu wa Freshley Mwamburi, Mtaita kama Fadhili William, alioimba miaka ya 1990. Simulizi yake ni nyepesi kueleweka na ngumu kusahaulika. Mwanamume anauza mali yake, gari na shamba vikiwemo, ili kumgharamia mchumba wake Stella aende Japani kusomea udaktari. Siku ya kurudi kwake inafika, naye anakwenda uwanja wa ndege kumpokea. Stella anashuka akiwa na mume Mjapani na mtoto. Kinachoupa wimbo huo uzito wa ushahidi wa mahakamani ni tarehe: mwimbaji anaitaja siku, mwezi na mwaka, tarehe 17 Mei 1992, na kalenda inathibitisha kwamba siku hiyo ilikuwa Jumapili. Kwa sababu hiyo Wakenya wameifanya 17 Mei kuwa siku ya Stella, na kila mwaka mitandao ya kijamii hujaa salamu za pole kwa mwanamume ambaye hakuna aliyewahi kumwona.

Neno wangu katika jina la wimbo huo halipaswi kupitwa haraka. Kiswahili husema dada yangu, rafiki yangu, jirani yangu, na katika mazungumzo ya kila siku jina la mtu halihitaji kumilikishwa, kwa sababu jina lenyewe limekwisha kumtambulisha mwenye nalo. Anayesema Stella wangu anafanya jambo la ziada, anadai. Na katika wimbo mzima dai hilo limekuwa limeshapotea kabla halijatamkwa, kwa kuwa anayesimulia anajua mwisho tangu neno la kwanza, na msikilizaji aliyeusikia mara moja tu anaujua pia, ila bado anaimba pamoja naye kana kwamba safari hii ndege itatua na abiria mmoja.

Lakini Stella hasemi neno. Hilo ndilo pungufu kubwa la utanzu huu wote, na ni haki kulitaja kwa uwazi kwa sababu nyimbo hizi zinapendwa mno: jina ni la mwanamke, sauti ni ya mwanamume, na anayeitwa hapewi zamu ya kujibu. Georgina, Zuwena, Paulina na Edita wanajulikana na mamilioni ya watu kwa majina yao, ilhali tunachojua juu yao ni kile tu ambacho mwanamume mmoja mwenye gitaa alikuwa na haja ya kukisema. Pengo hilo linaonekana waziwazi zaidi katika Nerea, wimbo wa kundi la Sauti Sol wa Kenya wakishirikiana na Amos na Josh, uliotoka mwaka 2015, ambamo mwanamume anamsihi Nerea asiitoe mimba, akimtajia watu mashuhuri ambao huenda mtoto huyo angefanana nao. Maombi yake ni ya dhati na tuni yake ni ya kupendeza sana, lakini uamuzi unaozungumziwa unahusu mwili wa Nerea, na katika dakika zote za wimbo huo Nerea hasikiki akipumua. Hapo mwito wa jina, ambao kwa Marijani ulikuwa ni unyenyekevu, unakaribia kuwa shinikizo.

Muziki wa bongo fleva, uliochipuka Dar es Salaam katika miaka ya 1990 kwa kuchanganya rap, midundo ya kompyuta na mahadhi ya nyumbani, haukuyaacha majina. Ali Kiba alijitambulisha kwa albamu yake ya mwaka 2007 iliyobeba jina la Cinderella, binti wa hadithi za Ulaya aliyegeuzwa kuwa mrembo wa mtaani. Matonya alimwimba Anita akiwa na Lady Jaydee, na kwa mara moja sauti ya mwanamke ikasikika ndani ya wimbo wenye jina la mwanamke. Diamond Platnumz naye ana wimbo uitwao Zuwena, jina lile lile lililomtoa jasho Marijani.

Mfano unaostahili kusikilizwa kwa makini zaidi, hata hivyo, ni wimbo wa mwaka 2016 wa Diamond huyo huyo, Salome, alioimba na Rayvanny na uliotazamwa na watu wengi sana. Huo haukuanzia kwake. Umejengwa juu ya wimbo wa Saida Karoli, mwimbaji kutoka Kagera aliyevuma mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa nyimbo za Kihaya zilizopigwa kwa ngoma za kwao, na ambao Watanzania waliujua kwa majina mawili, Maria Salome na Chambua kama Karanga. Wengi walioucheza katika harusi na baa za nchi nzima hawakujua Kihaya, hawakufuata kisa chake, na walichoweza kukiimba pamoja na Saida kwa uhakika kilikuwa jina. Huyo alikuwa mwanamke akisimama mbele ya kipaza sauti na kulitamka jina la mwanamke mwenzake, kwa mahadhi ambayo mabibi wa Kagera wangeyatambua, na miaka kama 15 baadaye, wimbo wa vijana wa mjini ulipoanza kupigwa, watu wazima waliokuwa wamekaa kando waliinuka mara tu waliposikia Salome akiitwa, kwa kuwa aliyewafundisha kulitamka jina lile alikuwa Saida.